Jinsi ya kuunda modeli ya hesabu ya ushindani wa folikuli kwenye ovari

Kwa ng'ombe, folikuli kadhaa (vifuko vidogo vya ovari, kila kimoja kikiwa na yai) huanza kukua kwa pamoja zikiwa karibu sawa. Siku chache baadaye moja tu ndiyo inayoendelea, na wenzake wananyauka. Nguruwe, kwa upande wake, huachilia mayai zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja, na mwanamke kwa kawaida yai moja. Idadi hii haibadilikibadiliki ovyo, ingawa hakuna folikuli inayohesabu wenzake wala kiungo kinachochagua mshindi kwa jina. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kujenga modeli ndogo inayotoa tabia hiyo yenyewe, bila kuilazimisha. Unachohitaji ni kalkulasi ya mwanzo, Python, na uvumilivu wa kufanya hesabu kwa kalamu kabla ya kugusa kompyuta.

Hatua ya 1: Amua unauliza swali gani

Watu wengi huanza kwa kusema "nataka kumodeli ovari". Hapo hutafika popote. Ovari ina angalau maswali matatu yenye kasi tofauti kabisa, na kila moja lina hesabu yake.

La kwanza ni swali la akiba: folikuli za mwanzo, zile zilizolala tangu mtoto wa kike akiwa tumboni, zinapungua vipi kadiri umri unavyokwenda? Hapa kipimo cha muda ni miaka. La pili ni ushindani: kati ya folikuli zilizokwisha amka na kuanza kuitikia homoni, ipi itafika? Hapa ni siku. La tatu ni mzunguko mzima wa homoni kati ya ubongo, tezi ya pituitari na ovari, ambapo mambo mengine hutokea kwa saa.

Swali la akiba linajibika kwa mlinganyo mmoja, kwa hiyo tulimalize hapa hapa. Faddy na Gosden walitoa mwaka 1996 modeli hii ya binadamu, ambamo N ni idadi ya folikuli na muda unapimwa kwa miaka:

dN/dt = −N × [0.0595 + 3716/(11780 + N)]

Thamani ya kuanzia wakati wa kuzaliwa ni 701,200. Soma kilicho ndani ya mabano kama sehemu ya akiba inayopotea kwa mwaka. N ikiwa 700,000, jibu ni karibu 0.065, yaani asilimia 6.5. N ikishuka hadi 10,000, ni asilimia 23. Ikifika 1,000, ni asilimia 35. Akiba inavyopungua ndivyo kila folikuli iliyobaki inavyokuwa katika hatari zaidi ya kuondoka. Mlinganyo huu unatatulika kwa kalamu kwa kugawanya sehemu, na ukiufuatilia kutoka 701,200 hadi 1,000 (kiwango kinachohusishwa na kukoma hedhi) utapata miaka 50.5 hivi. Fanya hesabu hiyo mwenyewe. Ni zoezi zuri la kupasha misuli.

Zingatia pia kwamba mlinganyo huu hausemi lolote kuhusu nani anashinda mwezi huu. Kuanzia hapa tunashughulika na swali la pili tu.

Hatua ya 2: Chagua kitu cha kupima

Kinachokuja kwanza akilini ni kipenyo, kwa sababu ndicho altrasaundi inachokitoa. Kwa ng'ombe, wimbi la folikuli (kundi linaloanza kukua pamoja) huhesabiwa limeibuka pale itakayokuwa kubwa ikiwa na milimita 4 hivi, na siku tatu hivi baadaye, ikiwa karibu milimita 8.5, ndipo inapoachana na wenzake. Kwa farasi jike, kuachana huko hutokea kwenye milimita 22 au 23. Kwa mwanamke, folikuli teule hujitokeza karibu na milimita 10 na kufika 18 hadi 25 kabla ya kuachilia yai.

Tatizo la kipenyo ni kwamba kinaficha mambo. Ujazo wa tufe ni πd³/6, kwa hiyo kipenyo kikiongezeka mara mbili ujazo umeongezeka mara nane. Isitoshe, sehemu kubwa ya ujazo wa folikuli pevu ni majimaji ndani ya uwazi wake, na majimaji hayatoi homoni. Wanaotoa homoni ni seli za granulosa na seli za theka zinazoizunguka.

Kwa modeli ya ushindani, kigeu kinachofaa zaidi ni upevu: uwezo wa folikuli kutoa estradioli, homoni ya kike ya ovari. Tuuite x. Kila folikuli ina x yake, na jumla ya zote tuiite X. Kwa kuwa estradioli yote inaingia kwenye damu ile ile, X ndiyo habari pekee ambayo mwili mzima unaipata kuhusu ovari zote mbili. Shika jambo hilo vizuri, maana ndilo linalobeba modeli nzima.

Ziko njia nyingine. Timu ya Frédérique Clément huko Inria, Ufaransa, pamoja na Danielle Monniaux, ilichagua kuhesabu seli za granulosa zenyewe, kila seli ikiwa na umri na upevu wake, na mwaka 2005 ikachapisha modeli ya aina hiyo. Inaeleza mambo ambayo x moja haiwezi kuyaeleza, mfano lini seli zinaacha kugawanyika na kuanza kubobea. Lakini ni milinganyo yenye vigeu vingi huru kwa wakati mmoja, na mtu anayeanza atazama humo bila kujifunza lolote kuhusu ushindani. Irudie baadaye.

Hatua ya 3: Andika mifupa ya modeli

Mzunguko wa kibiolojia ni huu. Folikuli zinatoa estradioli na inhibini. Homoni hizo zinaizuia pituitari isitoe FSH (homoni inayochochea folikuli kukua) nyingi. FSH inaposhuka, folikuli changa ambazo bado zinaitegemea zinakosa nguvu na kunyauka. Iliyotangulia ina vipokezi vingi zaidi, na seli zake za granulosa zimeshaanza kuitikia LH (homoni nyingine ya pituitari), kwa hiyo inahimili FSH kidogo. Mwenye nguvu mpishe.

Ungeweza kuandika mlinganyo wa kila homoni. Usifanye hivyo kwanza. Homoni huingia na kuondoka kwenye damu haraka kuliko folikuli inavyokua, kwa hiyo tunaweza kuchukulia kwamba FSH ya sasa inategemea X ya sasa moja kwa moja. Hapo FSH inatoweka kama kigeu na kubaki ndani ya kanuni ya ukuaji:

dx_i/dt = x_i × φ(x_i, X)

Yaani kasi ya ukuaji wa folikuli namba i ni upevu wake wa sasa ukizidishwa na φ, ambayo inategemea vitu viwili tu: folikuli yenyewe imefika wapi, na jumla ya zote ni kiasi gani. Folikuli zote zinafuata φ moja. Hakuna iliyopewa upendeleo tangu mwanzo. Tofauti pekee ni pale kila moja inapoanzia. Ukijikuta unaandika φ tofauti kwa ajili ya "folikuli teule", umeshajibu swali kabla ya kuliuliza.

Hatua ya 4: Ipe φ sura yake

Hapa tunamfuata H. Michael Lacker, aliyechapisha kanuni hii mwaka 1981. Alichagua:

φ = 1 − (X − M1·x)(X − M2·x)

M1 na M2 ni vigezo viwili vya aina ya mnyama, M1 ikiwa ndogo kuliko M2. Ile 1 ya mwanzo inamaanisha tumepima muda kwa kipimo cha ukuaji wa folikuli changa isiyosumbuliwa na mtu. Tutarudi kuigeuza iwe siku. Ukifungua mabano utapata:

φ = 1 − X² + (M1 + M2)·X·x − M1·M2·x²

Sasa kila kipande kinasomeka. X² ni breki inayomkamata kila mmoja bila ubaguzi: hiyo ndiyo FSH inayoshuka. Kipande cha X·x ni nafuu anayopata aliyepevuka. Kadiri mazingira yanavyokuwa magumu (X kubwa), ndivyo upevu unavyolipa. Kipande cha mwisho kinamzuia aliye mkubwa asijiendee tu kwa nguvu zake peke yake.

Jaribu namba. Chukua M1 = 0.9 na M2 = 5. Tuseme folikuli ni nyingi na jumla X = 2. Folikuli yenye x = 0.25 inapata:

φ = 1 − (2 − 0.225)(2 − 1.25) = 1 − 1.331 = −0.331

Na mwenzake mwenye x = 0.15:

φ = 1 − (2 − 0.135)(2 − 0.75) = 1 − 2.331 = −1.331

Zote mbili zinasinyaa! Ila ndogo inasinyaa kwa kasi mara nne. Wanaoanza hushtuka hapa na kudhani wamekosea alama mahali fulani, kwa sababu wanatarajia mshindi akue muda wote. Si lazima. Kinachoamua ni pengo kati yao, na pengo linapanuka hata wakati wote wanarudi nyuma. Wadogo wakipungua, X inashuka, breki inalegea, na aliyebaki mbele anaanza kupanda. Baadaye, kiongozi akiwa na x = 2 na jumla ikiwa 2.2, φ yake ni 1 − (0.4)(−7.8) = 4.12, wakati mfuasi mwenye x = 0.05 ana 1 − (2.155)(1.95) = −3.20. Mbio zimekwisha.

Hatua ya 5: Fanya uchambuzi kwa kalamu

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Kwa kurasa mbili za daftari utajua kompyuta itatoa nini kabla haijatoa.

Chukua hali ambapo folikuli M ziko sawa kabisa na nyingine zote zimekufa. Basi X = M·x, na mlinganyo unakuwa:

dx/dt = x × [1 − (M − M1)(M − M2)·x²]

Kama M iko katikati ya M1 na M2, zao la mabano mawili ni hasi, hivyo x inakua bila kikomo na kulipuka kwa muda mfupi unaohesabika. Mlipuko huo ndio modeli inavyosema "ovulesheni", yaani kuachiliwa kwa yai. Kama M iko nje ya hapo, zao ni chanya, na x inatulia kwenye 1/√[(M − M1)(M − M2)]. Folikuli zimekwama, hakuna yai linalotoka.

Lakini usawa huo unadumu? Toa φ ya kiongozi (x_1) kutoka φ ya mfuasi yeyote (x_i), na baada ya kupanga utapata:

φ_i − φ_1 = (x_i − x_1) × [(M1 + M2)·X − M1·M2·(x_i + x_1)]

Kama kilicho ndani ya mabano ya mraba ni chanya, mfuasi anaachwa. Kama ni hasi, anamfikia kiongozi. Angalia kesi mbili. Ndani ya kundi la viongozi M, ambapo x_i inakaribiana na x_1, kundi linashikamana iwapo M ni ndogo kuliko 2·M1·M2/(M1 + M2). Kwa folikuli ndogo sana, karibu na sifuri, haziwezi kuingia kundini iwapo M ni kubwa kuliko M1·M2/(M1 + M2). Tuiite thamani hiyo ya pili H. Basi idadi ya mayai inayowezekana ni ile M iliyo kati ya H na 2H, na wakati huo huo iliyo juu ya M1. Sharti la kuwa chini ya M2 linatimia lenyewe, kwa kuwa 2H daima iko chini ya M2.

Weka namba. Kwa M1 = 0.9 na M2 = 5, H ni 0.76 na 2H ni 1.53. Namba nzima pekee iliyo humo ni 1. Huyu ni mnyama wa yai moja. Kwa M1 = 3.85 na M2 = 15.15, H ni 3.07 na 2H ni 6.14, ukiongeza sharti la M1 unabaki na 4, 5 na 6. Ukitaka mnyama wa mayai 10 hadi 14, chukua M1 = 9.5 na M2 = 30.6. Kwa mifano hii miwili, M1 inapanga sakafu, na 2H inapanga dari.

Kuna kitu kinakosekana kwenye majibu hayo yote: idadi ya folikuli zilizoanza mbio. Zianze 20 au 200, matokeo yanaangukia kwenye masafa yale yale. Hii inalingana na jambo linalojulikana tangu zamani kwenye maabara: mnyama akitolewa ovari moja, ile iliyobaki huongeza kazi na idadi ya mayai kwa mzunguko inabaki karibu ile ile. Modeli inaeleza hilo bila kuongezewa chochote. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kuanza na Lacker na si mwingine.

Sasa jaribu M1 = 4.5 na M2 = 15.15. H ni 3.47 na 2H ni 6.94. Folikuli 5 au 6 zitaachilia mayai. Lakini 4 pia zinashikamana, maana 4 iko kati ya 3.47 na 6.94, ila ziko chini ya M1, kwa hiyo zinakwama kila moja kwenye x = 0.42 na kukaa hapo. Ovari ile ile, vigezo vile vile. Mzunguko mmoja unatoa mayai 5, mwingine hautoi hata moja, kutegemea tu zilivyoanza. Chávez-Ross na wenzake walitumia modeli ya aina hii mwaka 1997 kuchunguza ovari zenye vifuko vingi visivyopevuka.

Hatua ya 6: Sasa fungua kompyuta

Usiandike mlinganyo wa x moja kwa moja. Andika wa y = ln x, kwa sababu dy/dt = φ tu, na x haiwezi kamwe kuwa hasi kwa bahati mbaya ya ukokotoaji. Folikuli zinazokufa hushuka hadi thamani ndogo mno, na hapo ndipo msimbo wa kawaida unapoanza kutoa upuuzi.

import numpy as np
from scipy.integrate import solve_ivp

M1, M2 = 0.9, 5.0

def kasi(t, y):
    x = np.exp(y)
    X = x.sum()
    return 1 - (X - M1*x) * (X - M2*x)

def kizingiti(t, y):
    return y.max() - np.log(20)
kizingiti.terminal = True

bahati = np.random.default_rng(7)
y0 = np.log(bahati.uniform(0.001, 0.02, 12))
jibu = solve_ivp(kasi, (0, 60), y0, events=kizingiti, rtol=1e-8, atol=1e-8)

Kizingiti ni cha lazima. Kwa kuwa x inalipuka, programu isiyo na mahali pa kusimama itakata hatua zake ndogo zaidi na zaidi hadi ikwame. Nimeweka 20; hata 10 au 50 zingefaa kwa majaribio mengi, ingawa utaona hivi punde kwamba si uamuzi usio na athari. Unapochora grafu, chora y na si x. Kwenye grafu ya x utaona mstari mmoja unaopaa wima na takataka chini yake. Kwenye grafu ya y utaona jinsi kundi linavyopanda pamoja, linavyofika kwenye breki na linavyochanika.

Hatua ya 7: Ijaribu kabla ya kuiamini

Jaribio la kwanza: folikuli moja peke yake, x = 0.01, M1 = 0.9, M2 = 5. Mlinganyo ni dx/dt = x(1 + 0.4x²), unaotatulika kwa kalamu, na mlipuko unakuja kwenye muda wa 5.06. Kompyuta ikikupa kitu kingine, tafuta kosa kabla ya kwenda mbele.

Jaribio la pili: folikuli 6 zinazoanza sawa kabisa. M = 6 ni zaidi ya M2 = 5, kwa hiyo zinapaswa kutulia kwenye 1/√5.1, yaani 0.443 kila moja. Kisha iongezee mojawapo sehemu moja ya elfu. Usawa utavunjika haraka, na moja itaondoka peke yake. Ukitazama mchakato huo ukitokea kwenye skrini utaelewa neno "uthabiti" kuliko kwa kusoma sura nzima ya kitabu.

Jaribio la tatu: badilisha mbegu ya bahati nasibu (ile 7 kwenye msimbo) mara mia, na hesabu kila mara folikuli ngapi zimefika. Hapa patatokea jambo la kuangalia. Mara nyingi utapata moja. Mara chache viongozi wawili watakuwa wamekaribiana mno, na wote wawili watavuka kizingiti kabla hawajaachana. Kinadharia mmoja lazima aachwe, lakini tofauti kati ya wawili wanaokaribiana inakua polepole kuliko wanavyokua wao wenyewe, kwa hiyo kizingiti kinawahi. Hao ni mapacha wasiofanana, na idadi yao inategemea ulipoweka kizingiti na unavyohesabu aliyefika. Amua kanuni yako mapema (mfano, kila folikuli iliyozidi nusu ya kizingiti wakati programu inasimama) na uitaje unaporipoti matokeo. Mtu akikuletea asilimia ya mapacha kutoka kwenye modeli hii bila kusema kizingiti chake, muulize.

Hatua ya 8: Ilinganishe na vipimo halisi

Makosa mengi hutokea hapa, na karibu yote ni ya aina moja: kuchukua x na kuichora juu ya vipenyo vya altrasaundi. Kipenyo cha folikuli kubwa ya ng'ombe huongezeka kwa takriban milimita 1 hadi 2 kwa siku, karibu kwa mstari ulionyooka. x inalipuka. Haviwezi kulingana na havikukusudiwa kulingana. Linganisha x na estradioli iliyopimwa, au tafuta kanuni ya kuunganisha upevu na kipenyo na uitetee.

Usijidanganye pia kwa kuhamia kwenye ujazo ukidhani ni salama zaidi. Kosa la asilimia 5 kwenye kipenyo ni kosa la asilimia 15 hivi kwenye ujazo, na folikuli nyingi si tufe kamili; zinabanwa na jirani zake. Kama data yako ni vipenyo, pima kosa kwenye vipenyo.

Kinacholinganishwa vizuri ni mpangilio wa matukio. Nani anakuwa wa kwanza, tofauti inajitokeza lini, wangapi wanafika. Kugeuza muda wa modeli kuwa siku, tumia alama mbili unazoziamini, mfano kuibuka kwa wimbi na kuachana kwa folikuli kwa ng'ombe, ambavyo vimetenganishwa na siku tatu hivi. Gawanya siku hizo kwa muda ambao modeli imetumia kati ya matukio yale yale, na umepata kipimo chako. Kisha angalia kama kipimo hicho hicho kinatabiri vizuri tukio la tatu ambalo hukulitumia. Kama hakitabiri, modeli imekataa, na hiyo ni habari yenye thamani.

Kuhusu kukadiria M1 na M2: idadi ya mayai peke yake haitoshi. Jozi nyingi sana zinatoa masafa yale yale, kama ulivyoona kwenye kanuni ya H. Unahitaji kuongeza kasi ya kuachana, au data za wanyama waliobadilishiwa hali, mfano waliotolewa ovari moja. Ukipata programu ya kukadiria inayokurudishia M1 = 0.9137 yenye tarakimu nne, chora kwanza eneo lote la jozi zinazolingana na data karibu sawa. Mara nyingi ni bonde refu, si shimo.

Hatua ya 9: Jua mahali modeli inapoishia, kisha iongezee kimoja kimoja

Modeli hii inajua mbio moja tu. Ng'ombe ana mawimbi mawili au matatu katika mzunguko wa siku 21, na mshindi wa wimbi la kwanza haachilii yai, kwa sababu projesteroni, homoni inayotoka kwenye mwili wa njano (tishu inayobaki pale folikuli ilipoachilia yai), inapunguza mapigo ya LH. Hakuna projesteroni wala LH kwenye φ. Pia huwezi kumdunga mnyama huyu wa kwenye karatasi sindano ya FSH ili atoe mayai mengi, jambo linalofanyika kila siku kwenye uhamishaji wa viinitete na matibabu ya uzazi, kwa sababu FSH tuliimeza ndani ya X kwenye hatua ya 3.

Kiongezi cha kwanza kiwe hicho basi: itoe FSH nje. Iandikie mlinganyo wake, unaopanda kwa kiwango fulani, unaozuiwa na X, na unaosafishwa na damu. Kisha ongeza kipande cha FSH kutoka nje, na uone ni folikuli ngapi zinaokolewa kulingana na siku unayoanza kudunga. Ukianza baada ya kuachana, utagundua kwamba wengi wameshashuka mno kiasi cha kutookoleka. Ukianza wimbi linapoibuka, wanakuja wengi. Hakikisha kwanza kwamba modeli mpya, bila sindano, inarudisha matokeo ya ile ya zamani pale FSH inapofanywa ya haraka sana. Isiporudisha, umebadilisha zaidi ya ulichokusudia.

Projesteroni na mwili wa njano vifuate, na hapo utakuwa unakaribia modeli za mzunguko mzima kama ile ya ng'ombe ya Boer na wenzake ya mwaka 2011. Zile zina vigezo vingi, na kila kigezo kipya kinahitaji data yake. Kwa hiyo ongeza mlinganyo mmoja, rudia majaribio yote ya hatua ya 7, ndipo uongeze mwingine. Na weka msimbo wa kila toleo kando, ukiwa na mbegu ya bahati nasibu, kizingiti na vigezo vyote vimeandikwa juu ya faili.